Wiki tatu kijijini Cotswolds, Uingereza: watu wa Makete na Njombe tujiandae vipi?

Mtu_wa_Bulongwa

Kamwene wakuu.

Tuko wanne wa usharika mmoja, wawili wa Makete na wawili wa Njombe mjini. Tumealikwa na familia mbili zinazoishi kijiji kidogo kati ya Moreton-in-Marsh na Stow-on-the-Wold, Gloucestershire. Tunatua Heathrow Jumatatu tarehe 5 Oktoba asubuhi na kuondoka Jumapili tarehe 25 usiku. Viza na tiketi za ndege tayari, kwa hiyo naomba mada isirudi huko.

Tunachotaka kujua ni maisha ya kijijini kwenyewe. Wenyeji wanatuandikia "msiwe na wasiwasi" kila tukiuliza, jambo ambalo halisaidii. Tunafikaje kutoka uwanja wa ndege? Tukitaka kwenda mjini peke yetu inakuwaje? Nguo gani? Na wametuambia tutatembea sana mashambani. Ni mashamba ya nani, na ukikutwa shambani kwa mtu inakuwaje?

Wenye ujuzi wa huko tafadhali.

Dereva_wa_Igawa

Mkuu, naanza na usafiri kwa sababu hapo ndipo mgeni wa kijijini hukwama. Hakuna bodaboda, hakuna bajaji, wala Noah ya kujaza kichwa cha mwisho. Teksi haisubiri mtu barabarani. Inaagizwa kwa simu, na kwa safari ya usiku au ya Jumapili iagizwe siku moja au mbili kabla. Basi la mwisho likipita saa 12 jioni, limepita.

Kutoka Heathrow pandeni Elizabeth line hadi Paddington, kama nusu saa. Kuna Heathrow Express inayotumia dakika 15 lakini bei yake ni kubwa zaidi, na mtu mwenye masanduku hana cha kufanya na hizo dakika alizookoa. Paddington tafuteni treni ya kuelekea Worcester au Hereford, mshuke Moreton-in-Marsh. Ni safari ya saa moja na nusu na ushee, hakuna kubadilisha. Milango ya treni haifunguki yenyewe: kuna kitufe, kibonyezeni taa yake ikiwaka. Watu hubaki wamesimama mbele ya mlango wakisubiri mpaka treni inaondoka nao.

Kwa kuwa mko wanne, ombeni GroupSave. Ni punguzo la theluthi moja kwa kundi la watu 3 hadi 9 wanaosafiri pamoja muda wote, kwa tiketi za saa zisizo na msongamano. Mashine ya tiketi inayo, dirishani wanayo pia. Hailipiwi ada wala haihitaji kadi, ila lazima muiombe wenyewe. Kwa kuwa ndege ni ya asubuhi, msikate tiketi ya treni maalumu mapema. Tiketi za bei ya chini kabisa zimefungwa kwenye treni moja tu. Foleni ya uhamiaji ikiwachelewesha, inabidi mnunue upya.

Basi la Moreton kwenda Stow, Bourton-on-the-Water hadi Cheltenham lipo, lakini si la kila dakika kumi, na Jumapili huwa machache sana au hakuna kabisa. Ukiwa kituoni lazima unyooshe mkono, vinginevyo dereva anapita. Konda hakuna: unamtajia dereva unakokwenda na kugusa kadi ya benki kwenye mashine, kila mtu na kadi yake ili hesabu zisichanganyikane. Tangu Januari 2025 nauli ya safari moja kwa mabasi mengi ya England ina kikomo cha pauni 3. Ratiba inaandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 17:40 ni saa 11:40 jioni kwetu. Angalieni pia alama ndogo juu ya kila safu: safari nyingine ni za siku za shule tu.

Kutembea kwenye barabara za vijijini ni hatari kuliko inavyoonekana. Nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu, zimebanwa na ua wa miti pande zote, na kisheria gari linaruhusiwa kwenda hadi maili 60 kwa saa, yaani kama kilomita 96, pasipokuwa na kibao kingine. Tembea upande wa kulia, uone magari yanayokujia. Kona kali ya kulia ikikaribia, vuka kwanza uende kushoto, kwa sababu dereva anayetokea nyuma ya kona hakuoni kabisa. Taa za barabarani kijijini huwa hakuna. Kila mtu awe na tochi na kitu cheupe au cha kung'aa.

Anayetaka kuendesha: leseni ya Tanzania inatosha kwa gari dogo hadi miezi 12 tangu kuingia, na upande wa kuendesha ni ule ule wetu. Shida ni njia za gari moja. Zina vipenyo vya kupishania: kikiwa kushoto kwako unaingia, kikiwa kulia unasimama mkabala nacho mwenzako aingie. Aliye karibu na kipenyo ndiye anayerudi nyuma. Asiyejua kurudi nyuma mita 100 kwenye kona asikodi gari.

Mama_Viazi_Uyole

Kuhusu baridi niwatoe hofu. Oktoba huko ni nyuzi 7 hadi 14 hivi, na mtu aliyezoea Juni ya Makete ameshaona zaidi ya hapo. Kinachowashinda watu wetu ni unyevu. Kwetu baridi ni kavu, saa nne jua limetoka na umepata joto. Huko nguo ikilowa asubuhi inabaki imelowa siku tatu. Kwa hiyo koti la mvua lenye kofia ni muhimu kuliko sweta zito, na mwavuli uacheni, upepo utauvunja. Sweta mbili nyembamba zinafaa kuliko moja nene kwa sababu madukani na kwenye treni kuna joto, utataka kuvua moja.

Viatu jozi mbili, za kupokezana. Kiatu cha ngozi kilicholowa kijazwe magazeti kiwekwe mbali na rejeta, yaani kile kifaa cha ukutani cha kupasha chumba joto. Kikikaushwa juu yake ngozi inapasuka. Gambuti wenyeji huwa nazo za akiba nyuma ya mlango, watumieni namba zenu mapema: 42 yetu ni 8 yao. Makoti tafuteni sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kabla ya kuondoka, mitumba mizuri ya huko huko inauzwa hapa. Mkikosa, miji ile midogo ina maduka ya hisani yanayouza nguo zilizotumika, na Moreton kuna soko la wazi kila Jumanne.

Nyumbani. Plagi ni zile zile zetu za pini tatu za bapa na umeme ni wa 230, msinunue adapta. Soketi nyingi zina swichi, iwasheni kabla ya kulalamika kwamba chaja imekufa. Bafuni hakuna soketi ya kawaida, na taa mara nyingi inawashwa kwa kamba inayoning'inia darini. Kama bomba la mvua ni la umeme, lina kamba yake yenye taa nyekundu. Usipoivuta unaoga maji ya barafu.

Rejeta za ukutani zina kitasa cha namba 1 hadi 5. Kukizungusha hadi 5 hakuharakishi joto. Namba ile inasema tu chumba kikifika joto gani rejeta ijifunge. Nyumba nyingi za vijijini hazina gesi ya bomba. Boila inatumia mafuta yanayoletwa na lori na kujazwa kwenye tangi uani, na bei yake si mchezo. Ndiyo maana joto linawekwa kwa saa, asubuhi na jioni, katikati watu wanavaa sweta. Usiguse kisanduku cha saa bila kuuliza. Na tafadhali, baridi isiwatume kuwasha mkaa au jiko lolote chumbani. Kuta ni nene, madirisha hayavuji hewa, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Nguo mbichi zikianikwa chumbani fungueni dirisha dakika kumi kila siku, la sivyo ukuta unaota ukungu mweusi na hilo ni jambo linalowaudhi kweli.

Choo: nyumba nyingi za nje ya mji zinatumia tangi la maji taka la kwao wenyewe, bakteria ndio wanaofanya kazi humo. Karatasi ya chooni tu. Vitambaa vya unyevu vya watoto, pedi na mafuta ya kupikia vinaziba, na gari la kunyonya maji taka litaitwa kwa gharama ya mwenyeji.

Maji ya kunywa ni ya bomba la baridi la jikoni, salama kabisa. Cotswolds ni nchi ya mawe ya chokaa kwa hiyo maji ni magumu: mtaona vipande vyeupe vinaelea kwenye birika na sabuni haitoi povu. Si uchafu.

Sasa chakula. Mwenyeji akikuuliza kama utaongeza, atauliza mara moja. Ukisema "asante nimeshiba" kwa adabu zetu, ukitegemea akubembeleze, sahani inaondolewa. Mkitaka semeni ndiyo. Chakula cha mchana saa saba, cha jioni kati ya saa 12 na nusu na saa mbili, hapo katikati ni chai na biskuti. Chai yao ni maji ya moto na jani kwanza, kisha tone la maziwa baridi. Kuchemsha maziwa na majani pamoja hawajui, mnaweza kuwafundisha.

Ugali sahauni kijijini. Unga wa njano wa mahindi unaouzwa supamaketi kama polenta ni wa chenga kubwa, unaiva kama uji mzito na haushikani. Sembe tafuteni maduka ya Waafrika miji mikubwa kama Bristol. Viazi ndiyo kimbilio lenu: Maris Piper na King Edward za kukaanga na kuponda, Charlotte za kuchemsha. Watu wa Njombe mtajisikia nyumbani.

Kwenye mizigo msibebe nyama, maziwa wala jibini, hata kidogo, vinakamatwa. Majani ya chai na kahawa iliyokaangwa havina shida.

Mzee_wa_Isyesye

Hapo kwa zawadi niongeze: kilo moja moja ya kahawa ya Mbozi na chai ya Mufindi au Tukuyu, vikapu vya Iringa viwili, basi. Watu hubeba vinyago vya kilo tano, anayepewa hana pa kuviweka. Nyumba zile za mawe zinapendeza kwa nje, ndani dari liko chini na ngazi nyembamba. Aliye mrefu ainame mlangoni.

Njia_za_Mashambani

Swali la mashamba limeulizwa kwa mstari mmoja, na ndilo lenye mambo mengi.

Ondoeni hofu ya kuitwa wavamizi. England na Wales zina njia za umma zenye urefu wa kama kilomita 225,000, na nyingi zinakatiza katikati ya mashamba ya watu binafsi. Haki ya kupita ni ya kisheria. Sheria ya mwaka 1949 ilizitaka halmashauri ziandae ramani rasmi za njia hizo. Mwenye shamba hawezi kukufukuza ukiwa kwenye njia. Ukiiacha ukaingia pembeni kufuata kivuli au picha nzuri, hapo sasa uko shambani kwa mtu.

Kwa hiyo kazi yote ni kujua njia iko wapi. Pale inapoanzia barabarani kuna nguzo yenye kibao. Ndani, kwenye malango na nguzo za uzio, kuna viduara vidogo vyenye mshale: wa njano ni wa waenda kwa miguu peke yao, wa buluu unaruhusu na farasi na baiskeli. Mshale unaelekeza uelekeo halisi wa kukata shamba, si "mbele tu", kwa hiyo simama mbele yake, angalia unalenga kona gani ya shamba, ndipo uanze. Nunueni au azimeni ramani ya Ordnance Survey Explorer namba OL45, ndiyo ya Cotswolds, ya kipimo cha 1:25,000. Njia za umma zimechorwa kwa mikato ya kijani. Mikato myeusi ni njia inayoonekana ardhini tu, haina maana kwamba una haki ya kuipita. Wageni wengi wanapotea hapo. Msitegemee simu peke yake. Mabondeni mtandao unakatika, na betri kwenye baridi haikai.

Malango. Kanuni ni kuliacha ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililoachwa wazi liache wazi, kwa sababu huenda mwenye mifugo ameliacha ili kondoo wafike kwenye maji. Mkiwa wanne, wa mwisho kupita ndiye mwenye jukumu, na asiseme alidhani mwingine nyuma. Lango lisilofunguka likibidi kukwewa, panda upande wa bawaba, si upande wa komeo. Uzito ukiwa upande wa komeo unalivuta lango lote na kulilegeza. Kuna pia ngazi fupi za mbao za kuvukia uzio, zinateleza vibaya zikilowa. Shuka ukiangalia nyuma kama unavyoshuka ngazi ya dari.

Oktoba ndiyo ngano ya msimu wa baridi inapandwa. Mtakuta mshale unaelekeza katikati ya shamba lililolimwa jana na hakuna dalili ya njia. Mkulima anaruhusiwa kulima juu ya njia inayokatiza shamba kama hawezi kuikwepa, ila lazima airudishe ndani ya siku 14, na akigusa tena baadaye ana saa 24. Upana usipungue mita moja. Kabla hajairudisha, mnapita mstari ule ule, kwenye udongo. Kwa sisi tuliolelewa kutokanyaga shamba la mwenzetu jambo hili linauma, na wengi hata huko huzunguka ukingoni. Lakini mstari wa njia ndio mahali penye haki, ukingoni hauna.

Ng'ombe. Msiwachukulie kama wale wa Kitulo waliozoea watu kuwapita karibu. Jike mwenye ndama hatari yake ni ya kweli, hasa mkiwa na mbwa wa mwenyeji. Zunguka mbali, usipite kati ya mama na ndama, usikimbie. Wakiwakimbilia na mna mbwa, mwachieni mbwa. Wanamfuata yeye, na yeye ana mbio kuliko nyinyi. Fahali wa aina za maziwa mwenye zaidi ya miezi 10 haruhusiwi kuachwa kwenye shamba lenye njia ya umma. Wa aina za nyama anaruhusiwa akiwa pamoja na majike, na kwa kawaida huwa mtulivu. Kondoo aliyelala chali miguu juu hajalala: ameshindwa kugeuka na anaweza kufa hapo, mtafuteni mwenye shamba.

Mtasikia bunduki. Msimu wa kuwinda ndege aitwaye fezanti ni tarehe 1 Oktoba hadi 1 Februari, isipokuwa Jumapili. Mkiona watu wamesimama kwa mstari na silaha, simameni mahali wanapowaona, wao watasitisha na kuwapungia mkono mpite.

Watu wa Iringa na Njombe tunajidai kujua uyoga. Huko msichume. Kuna mmoja wa rangi ya kijani-njano hafifu unaoota chini ya mialoni, unafanana na wa kuliwa na unaharibu ini. Kuupika hakuondoi sumu. Matunda meusi ya miiba kwenye ua chumeni mle, ya kula wenyewe hakuna kosa.

Kupe wapo hadi vuli, na wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Suruali iingie ndani ya soksi. Ukimkuta amekamata, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute wima polepole bila kumkamua wala kumpaka mafuta. Duara jekundu linalotanuka huweza kutokea hata wiki kadhaa baadaye, yaani mtakuwa mmesharudi. Mwambieni daktari wa hapa kwamba mlikuwa mashamba ya Uingereza, la sivyo hatawaza jambo hilo. Na majani yenye meno kando ya njia yanawasha kama upupu, msiyashike.

Mwendo wenu uhesabuni kilomita 3 kwa saa kwenye tope, si 5. Tarehe 5 Oktoba jua linazama saa 12 na nusu jioni, na kila wiki linawahi kama robo saa.

Mtu_wa_Bulongwa

Wakuu mmetuokoa. Nimeprinti yote.

Naomba nyongeza. Mmoja wetu ni mama wa miaka 67, ana presha na anatumia dawa kila siku. Pili, sisi ni KKKT na kanisa la pale ni la Anglikana: meza ya Bwana tunaruhusiwa? Tatu, wenyeji wametaja "jioni ya baa" na wazee wawili wameanza kununa. Nne, ile Jumapili ya kuondoka.

Muuguzi_wa_Wanging'ombe

Mama apimwe kabla, dawa azibebe kwenye begi la mkononi, ndani ya maboksi yake, za wiki nne badala ya tatu. Awe na karatasi ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa na kipimo chake, kwa sababu majina ya kibiashara hutofautiana. Duka la dawa la huko halitatoa dawa ya presha kwa cheti cha Tanzania. Dawa zikipotea itabidi aonane na daktari wa huko kwanza.

Bima ya safari isikosekane, na presha iandikwe kwenye fomu. Huduma ndani ya kitengo cha dharura ni bure kwa kila mtu, ila akilazwa, mgeni anatozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida. Hospitali kubwa ya dharura iko Gloucester, si karibu. Namba ni 999 kwa dharura, 111 kwa ushauri wa kiafya usio wa kufa na kupona. Ukipiga simu taja namba ya posta na jina la nyumba. Nyumba nyingi za vijijini zina majina, hazina namba, na namba moja ya posta inaweza kuchukua eneo kubwa. Kariri vyote viwili siku ya kwanza. Kile kibanda chekundu cha simu mara nyingi sasa kina mashine ya kushtua moyo. Kikiwa na kufuli, wa 999 atakupa namba ya kufungulia.

Panadol: dukani utauziwa paketi ya vidonge 16, si zaidi. Antibayotiki bila cheti msahau.

Mwinjilisti_Tandala

Meza ya Bwana mnaruhusiwa. Kanuni ya Kanisa la England inamkaribisha kila aliyebatizwa anayeshiriki kwa kawaida katika kanisa lake. Mnapiga magoti kwenye uzio wa madhabahu, mnapokea mkate, kikombe kinapitishwa. Anayepokea mkate peke yake hana kosa.

Msishangae Jumapili moja kanisa limefungwa. Kasisi mmoja huhudumia vijiji kadhaa, kwa hiyo ibada huzunguka. Ratiba imebandikwa mlangoni au kwenye jarida la parokia. Ibada ni kama saa moja, waumini wanaweza kuwa 15, wengi wazee, na hukaa nyuma. Kanisa huwa na baridi kuliko nje, vaeni koti. Mapema Oktoba huenda mkakuta sikukuu ya mavuno. Watu huleta vyakula vya makopo kwa ajili ya wahitaji, nanyi nunueni kopo mbili tatu. Mkiombwa kutoa salamu za dakika tano, ziwe tano. Wimbo mmoja wa Kikinga au Kibena bila kinanda utapokelewa vizuri kuliko hotuba.

Baa ya kijiji wazee waitazame kama sebule ya kijiji. Watu wanakuja na wajukuu na mbwa, na anayekunywa soda hakuna anayemuuliza. Mhudumu haji mezani: unaagiza kaunta, hata chakula, ukitaja namba ya meza. Jiko hufungwa mchana kama saa nane hadi saa 12 jioni, na baa nyingine hazifunguki Jumatatu. Desturi ya kununuliana kwa zamu ipo. Ukikubali kinywaji cha mtu, zamu yako itafika, na zamu ni ya meza nzima. Kama hutaki, sema mapema kwamba utajinunulia. Tahadhari moja ni saida, yaani pombe ya matofaa. Tamu, inapita kama ulanzi wa asubuhi, na glasi kubwa ni mililita 568.

Kubisha hodi bila taarifa hakupo. Tuma ujumbe kwanza, hata kwa jirani mliyezoeana naye. Ukialikwa saa moja jioni, fika saa moja na dakika tano. Kuwahi ni kumkuta mwenyeji na aproni. Na "karibuni kwetu siku moja" bila kutaja siku si mwaliko. Njiani salamu ni neno moja na tabasamu, hakuna habari za nyumbani, za watoto, za mifugo. Hawajakukasirikia.

Dereva_wa_Igawa

Narudi kwa Jumapili ya tarehe 25, maana mmeangukia siku mbaya kidogo.

Ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zinarudishwa nyuma: saa 8 usiku inakuwa saa 7. Simu zitajirekebisha, saa ya ukutani na ya jiko hazitajirekebisha. Mkifuata ya ukutani mtafika stesheni saa nzima kabla, si baada, kwa hiyo hasara ni baridi tu. Jua siku hiyo linazama kabla ya saa 11 jioni. Na tofauti na nyumbani, ambayo ilikuwa saa mbili, inakuwa saa tatu. Aliyeahidi kupiga simu nyumbani ahesabu upya.

Jumapili treni huanza kwa kuchelewa na ndizo siku za matengenezo ya reli. Kipande cha njia kikifungwa mnawekewa mabasi badala ya treni, tiketi ni ile ile, ila muda unaongezeka sana. Angalieni ratiba ya National Rail ya tarehe hiyo hiyo wiki moja kabla, tena Ijumaa. Mkikuta mabasi, dawa yake ni teksi ya kuagiza mapema hadi Oxford, kama kilomita 45, halafu basi la moja kwa moja la Oxford kwenda Heathrow. Wanne kugawana teksi si gharama ya kutisha. Mkiamua treni na ikachelewa dakika 15 au zaidi, tunzeni tiketi, mnadai fidia mtandaoni ndani ya siku 28.

Kwa ndege ya saa nne usiku muwe mmeondoka Moreton saa nane mchana, si zaidi. Maduka makubwa Jumapili hufunguliwa kwa muda wa saa sita tu, kwa hiyo kama kuna vya kununua, nunueni Jumamosi.